Simu, Kompyuta na Redio Kubwa ya Sebuleni: Fundi Anawajibu Wasomaji

Barua zilizotufikia miezi hii miwili kutoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe zina jambo moja linalojirudia, nalo ni namna ya kuufikisha muziki uliomo ndani ya simu au kompyuta mpakato kwenye redio kubwa ya nyumbani. Nimechagua sita ambazo majibu yake yatawafaa na wengine, nami nimezifupisha bila kubadili maana. Kabla sijaanza nawaomba wasomaji wote mfanye jambo moja: geuzeni redio zenu, mziangalie mgongoni kwa tochi, myasome maandishi yaliyo juu ya kila tundu, kwa kuwa karibu kila jibu nitakalolitoa linaanzia huko mgongoni wala si dukani.

*

"Kijana wangu Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tukuyu. Ninayo redio kubwa niliyoinunua katika miaka ya themanini, yenye amplifaya yake, deki ya kaseti, mashine ya santuri na spika mbili za mbao. Kaseti nyingi zimeota ukungu, na mwanangu amenipa kompyuta mpakato yenye nyimbo zaidi ya elfu moja. Nyuma ya amplifaya kuna matundu yaliyoandikwa PHONO, TUNER, TAPE PLAY na TAPE REC, lakini hakuna lililoandikwa AUX. Muuza duka mmoja aliniambia kuwa redio hii imepitwa na wakati na haiwezi kupokea kompyuta. Nilipojaribu kwenye PHONO, sauti ilitoka kubwa mno, ya kukwaruza, na besi ilikuwa kama ngurumo ya radi. Je, niitupe? Ndaga."

Shikamoo, Mwalimu. Tafadhali usiitupe, wala usiiuze kwa bei ya chuma chakavu, kwa sababu redio uliyonielezea ni ya aina ambayo wengi wetu tunaitafuta leo bila kuipata, na haina upungufu wowote unaoizuia kupokea kompyuta. Kosa lilikuwa la tundu tu.

Neno AUX limewachanganya watu wengi wanaodhani kuwa ni kifaa maalumu, ilhali ni jina la mlango wa ziada, basi. Ndani ya amplifaya, nyaya zinazotoka TUNER, CD, AUX na TAPE PLAY zote huishia kwenye swichi moja, ile unayoizungusha kwa mbele kuchagua unachotaka kusikiliza, na zote hupokea umeme wa sauti wa kiasi kinachokaribiana, kuanzia sehemu ya volti moja hadi volti mbili hivi. Tundu la kusikilizia la kompyuta mpakato hutoa umeme ulio ndani ya kiasi hichohicho. Kwa hiyo chomeka kwenye TAPE PLAY, peleka swichi ya mbele kwenye TAPE, na nyimbo za mwanao zitasikika. Ikiwa deki ya kaseti bado unaitumia na hutaki kuichomoa, tundu la TUNER litafanya kazi ileile bila tofauti yoyote. TAPE REC liache, kwani hilo ni tundu la kutolea sauti kwenda kwenye deki wakati wa kurekodi, na ukichomeka kompyuta hapo hutasikia chochote.

Sasa nikueleze kwa nini PHONO ilikutisha. Sindano ya santuri huzalisha umeme mdogo sana, milivolti tatu hadi tano hivi, kwa hiyo tundu la PHONO lina amplifaya yake ndogo ya kuukuza umeme huo kabla haujafika kwenye swichi. Kompyuta inaweza kutoa hadi karibu volti moja, ambayo ni zaidi ya mara mia mbili ya kile PHONO inachokitarajia, na hapo sauti lazima ikwaruze. Besi nayo ina sababu yake. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi, ili mifereji yake isitanuke na kuingiliana, na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa ili ziushinde mkwaruzo wa sahani. Kanuni hiyo, inayoitwa RIAA, ilikubaliwa na watengenezaji wa Marekani mwaka 1954 na baadaye ikaenea duniani. Tundu la PHONO hufanya kinyume cha uchongaji huo: huirudisha besi na kuzishusha sauti nyembamba. Ukiliingizia wimbo ambao haukupunguzwa besi tangu mwanzo, linaongeza besi juu ya besi. Ngurumo uliyoisikia ilikuwa amplifaya yako ikifanya kazi yake kwa uaminifu, Mwalimu, na ni dalili kwamba ni nzima.

Waya unaouhitaji una pini moja nyembamba upande mmoja, ile ya milimita 3.5 inayoingia kwenye kompyuta, na upande wa pili una vichwa viwili vya RCA, kimoja chekundu na kingine cheupe. Chekundu ni cha spika ya kulia na cheupe ni cha kushoto. Katika redio nyingi za zamani tundu la kushoto halina rangi nyeupe bali nyeusi au kijivu. Urefu wa mita moja na nusu hadi tatu unatosha. Usivutwe na waya uliopakwa rangi ya dhahabu na kuwekwa kwenye boksi zuri. Kinachotakiwa ni vichwa vinavyokaza vinapoingia na waya mnene kiasi pale unapoungana na kichwa, kwa kuwa hapo ndipo nyaya zote hukatikia.

Zima amplifaya kabla ya kuchomeka. Kisha iwashe ikiwa sauti yake iko chini kabisa, pandisha sauti ya kompyuta hadi karibu asilimia themanini, na kuanzia hapo uongoze sauti kwa kitufe cha kuzungusha cha amplifaya peke yake. Wengi hufanya kinyume: wanaiacha kompyuta chini na kuifungua amplifaya hadi mwisho, halafu wanalalamika juu ya mvumo, kumbe wameukuza mvumo wa redio pamoja na muziki dhaifu. Vilevile zima ndani ya kompyuta vile vikolezo vya kuongeza besi, kwa kuwa spika zako za mbao hazivihitaji.

Onyo moja ambalo siwezi kuliacha, kwa sababu nimewahi kupokea mezani kwangu kompyuta iliyoungua sehemu ya sauti kwa ajili hiyo: vile vishikio vya nyaya za spika, vyenye alama ya omu 4 au 8, si mahali pa kuchomeka kifaa chochote isipokuwa spika. Umeme unaotoka hapo ni wa kusukuma koni ya spika, na ukiuelekeza ndani ya kompyuta au simu, hasara yake hairekebishiki kwa urahisi.

Kwa wasomaji wenye redio za Ulaya za miaka ya sabini, ambazo badala ya RCA zina tundu la duara lenye vitobo vitano, jambo hili pia linawezekana. Tundu hilo linaitwa DIN. Kitobo cha katikati, chenye namba 2, ni cha njia ya pamoja ya kurudishia umeme. Cha namba 3 hupokea sauti ya kushoto na cha namba 5 sauti ya kulia. Angalieni namba zenyewe zilizochongwa kwenye pini, maana hazikupangwa kwa kufuatana: ukihesabu kutoka upande mmoja utakutana na 1, 4, 2, 5, kisha 3. Fundi yeyote anayejua kuunga nyaya kwa risasi atawatengenezea waya huo kwa muda mfupi.

Na kwa kuwa uko Tukuyu, Mwalimu, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, futa matundu ya RCA kwa pamba yenye spiriti kabla ya kuchomeka, na uzungushe kila kitufe huku na huku mara ishirini hivi redio ikiwa imezimwa. Unyevu hutengeneza kutu nyembamba isiyoonekana, na kutu hiyo ndiyo inayofanya spika moja inyamaze leo na kuamka kesho.

*

"Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nimepanga chumba Kihesa, Iringa. Nina sabufa ndogo ninayoichomekea simu kwa waya wa AUX. Tangu juma lililopita, nikipiga muziki nasikia ngoma, gitaa na kinanda, lakini sauti ya mwimbaji imepotea, au inasikika kwa mbali kama mtu aliye ndani ya kisima. Nikisikiliza kwa redio ya sabufa yenyewe, mtangazaji anasikika vizuri. Nikitumia spika za masikioni kwenye simu, mwimbaji yupo. Fundi wa jirani ameniambia kuwa amplifaya ya ndani imeungua na ametaja bei ambayo siiwezi. Naomba ushauri."

Marahaba, binti yangu. Usimpe mtu fedha yoyote bado. Umenieleza vizuri kuliko mafundi wengi, na ndani ya maelezo yako jibu limo tayari: redio ya sabufa inasikika vizuri, maana yake amplifaya na spika ni nzima, spika za masikioni zinasikika vizuri, maana yake simu ni nzima. Kilichobaki katikati ni waya.

Ninalijibu swali hili kwa kirefu kwa sababu nimeona watu wakifunguliwa sabufa zao bure kwa ajili ya ugonjwa huu. Itazame pini ya waya wako wa AUX. Ina sehemu tatu za chuma zilizotenganishwa na mikanda myembamba ya plastiki. Ncha yake hubeba sauti ya kushoto, pete ya katikati hubeba sauti ya kulia, na shina lake, lile pana la nyuma, ni njia ya pamoja ambayo umeme wa pande zote mbili hurudia kwenye simu. Umeme wa sauti, kama ulivyo umeme mwingine wowote, hauendi bila kuwa na njia ya kurudi.

Shina hilo lisipogusa, au waya wake ukikatika ndani, umeme wa kushoto unakosa njia yake ya kurudi na kulazimika kurudia kwenye waya wa kulia, na wa kulia vivyo hivyo kwenye wa kushoto. Hapo spika hazipokei tena kushoto na kulia, bali zinapokea tofauti iliyopo kati ya kushoto na kulia. Sasa kumbuka kwamba studio, wakati wa kuchanganya sauti, humweka mwimbaji katikati, yaani sauti yake huwekwa sawasawa kabisa kushoto na kulia. Tofauti kati ya vitu viwili vilivyo sawa ni sifuri. Ni kama watu wawili wanaousukuma mlango mmoja kwa nguvu sawa, mmoja akiwa ndani na mwingine nje: mlango hausogei, ingawa wote wawili wanatoka jasho. Magitaa, vinanda na waitikiaji, ambao studio huwasogeza huyu kushoto na yule kulia, hawana mwenzao wa kuwafuta upande wa pili, na ndiyo maana wanabaki. Mwangwi wa mwimbaji nao hubaki kidogo, kwa kuwa mwangwi husambazwa pande zote bila usawa, na huo ndio mtu wa kisimani uliyemsikia.

Anza na kava la simu. Kava nene huizuia pini isizame hadi mwisho, hata kama kwa macho unaona imeingia, na nusu milimita inatosha kulikosesha shina mahali pake. Livue, kisha uisukume pini mpaka uisikie ikigota. Ikiwa mwimbaji amerudi, umepona. Ikiwa bado, piga wimbo na uukunje waya taratibu pale unapoingia kwenye kila pini, upande wa simu na upande wa sabufa; mwimbaji akija na kutoweka unapokunja, waya umekatika hapo. Kuna na jambo la tatu: hesabu mikanda ya plastiki kwenye pini. Waya wa muziki tu una mikanda miwili. Ukiona mitatu, huo una sehemu nne za chuma, ni wa aina iliyotengenezwa kwa ajili ya kipaza sauti cha simu, na sehemu yake ya nyuma kabisa ni ya kipaza sauti wala si ya njia ya kurudi. Ukiingia kwenye tundu la sabufa lililotengenezwa kwa sehemu tatu, unaweza kuleta ugonjwa huuhuu ukiwa mpya kabisa kutoka dukani. Nunua wa mikanda miwili. Sitashangaa ukiniandikia kwamba tiba imekugharimu bei ya waya mmoja tu.

*

"Ndugu Fundi, salaam. Nina saluni ya kike Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kompyuta mpakato yangu nimeiunganisha na amplifaya, na amplifaya hiyohiyo imeunganishwa na televisheni yenye dishi. Kompyuta ikitumia betri, muziki ni safi. Nikichomeka chaja, spika zinaunguruma muda wote hata nisipopiga wimbo. Kijana mmoja anataka kuukata ule mguu wa juu wa plagi ya chaja, anasema ndiyo dawa. Nikubali?"

Usikubali, dada yangu, na ikiwa ameshaukata, nunua plagi nyingine leo. Ule mguu mrefu wa juu ni wa ethi, yaani njia ya kuupeleka umeme ardhini pale unapovuja na kufika kwenye bodi ya chuma ya kifaa. Katika saluni, ambako sakafu ina maji, mikono imelowa na vikausha nywele vinawaka kutwa nzima, njia hiyo ndiyo inayosimama kati ya mteja wako na umeme wa volti 230. Ni kweli kwamba ukiukata mngurumo unaweza kukoma, lakini muziki safi haulipwi kwa uhai wa mtu.

Mngurumo wenyewe unatokana na mzunguko wa ethi. Ethi ya chaja ya kompyuta imekutana na ethi nyingine kupitia waya wa sauti, na kwako naidhania ile inayoingia na waya wa dishi. Ethi mbili zilizofungwa mahali tofauti hazilingani kabisa, na tofauti hiyo ndogo husukuma umeme kupitia waya wa sauti kwa mwendo uleule wa umeme wa gridi yetu, hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, pamoja na vijukuu vyake vya hezi 100 na 150. Ili kuhakikisha, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi kwa dakika moja huku kompyuta ikiwa kwenye chaja. Mngurumo ukikatika, umempata mhusika.

Dawa ya kwanza haina gharama: chomeka kompyuta, amplifaya, televisheni na king'amuzi kwenye ekstensheni moja nzuri inayotoka kwenye soketi moja, badala ya kila kimoja kuwa na ukuta wake, vikausha nywele visikae kwenye ekstensheni hiyo. Isipotosha, tafuta kitenganishi cha mzunguko wa ethi, kijisanduku kidogo kisichohitaji umeme, chenye transfoma mbili ndogo ndani, kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Transfoma huipitisha sauti kwa sumaku bila nyaya za pande mbili kugusana, kwa hiyo mzunguko unakatika na ethi zote zinabaki salama mahali pake. Vile vya bei ya chini sana hupunguza besi kidogo. Kwa saluni hutaona tofauti.

Niseme na hili, maana linauhusu ukanda wetu mzima kuanzia Novemba hadi Aprili. Mvua inapoanza kuvuma kutoka milimani na radi zikaanza kupiga, kuzima swichi hakutoshi. Chomoa plagi ukutani, na uchomoe waya wa dishi au antena pia. Radi inayoingia kwa dishi husafiri hadi kwenye amplifaya, na kutoka hapo hupita kwenye waya uleule mwembamba wa muziki hadi ndani ya kompyuta.

*

"Kamwene, Fundi. Nipo Njombe mjini. Simu yangu mpya haina tundu la spika za masikioni, ina tundu la chaja tu. Nilinunua adapta ya kubadilisha tundu la chaja liwe la AUX, lakini haitoi sauti, ingawa kwenye simu ya rafiki yangu inafanya kazi."

Kamwene, kaka. Adapta yako si mbovu, bali haikuandikiwa simu yako. Simu zenye tundu la USB-C ziko za namna mbili. Baadhi zinaweza kutoa sauti iliyo tayari kupitia tundu hilo, na kwa hizo adapta ni waya mtupu unaobadilisha umbo. Nyingine hutoa tarakimu peke yake, na tarakimu haziwezi kusukuma spika mpaka zigeuzwe kuwa umeme wa sauti; kwa hizo adapta lazima iwe na kigeuzi chake ndani, kinachoitwa DAC kwa kifupi. Simu ya rafiki yako ni ya namna ya kwanza, yako ni ya pili. Mwambie muuzaji unataka adapta yenye DAC, na uijaribu kwenye simu yako mwenyewe ukiwa palepale dukani. Wenye iPhone hili liliwakuta mapema, mwaka 2016, iPhone 7 ilipotoka bila tundu.

Kama hupendi nyaya, kuna kipokezi cha Bluetooth: kijisanduku kinachopata umeme wa volti 5 kutoka kwenye chaja yoyote ya simu, na kutoa sauti kwa waya kwenda kwenye AUX ya redio. Mimi ninakipendekeza kwa mtu anayesikiliza huku akifanya kazi za nyumbani. Hufika mita kumi hivi mahali pa wazi, na hupungua sana pakiwa na ukuta wa tofali za kuchoma katikati. Kwa filamu sikipendekezi, kwa kuwa sauti inaweza kuchelewa ikakuta midomo ya mwigizaji imeshafunga.

*

"Redio yangu ina kaseti na mawimbi tu, haina tundu lolote nyuma. Msomaji wa Vwawa, Songwe."

Ikiwa deki yake ya kaseti bado inazunguka, tafuta adapta ya umbo la kaseti yenye waya wa pini ya milimita 3.5. Ndani yake hakuna utepe. Kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachokaa uso kwa uso na kichwa cha redio na kukipa mawimbi ya sumaku kama utepe ungefanya. Safisha kwanza kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti, maana uchafu wake utaifanya sauti iwe ya chini na iliyofifia hata kama adapta ni nzuri.

*

"Bwana Yesu asifiwe, Fundi. Mimi ni katibu wa kwaya ya usharika wetu karibu na Ilula, mkoani Iringa. Tunazo kaseti kumi na mbili za nyimbo zetu za miaka ya tisini. Waimbaji kadhaa wameshatangulia mbele za haki, na sauti zao hazipo mahali pengine popote. Kwa kuwa wewe unaeleza namna ya kuitoa sauti kwenye kompyuta kwenda redio, je, inawezekana kinyume chake, kutoka kaseti kwenda kompyuta?"

Amina, mtumishi. Inawezekana, na ningependa mwanze juma hili. Utepe wa kaseti hubeba sauti kwa chembe ndogo za sumaku zilizogandishwa kwenye plastiki, na miaka ikipita gundi hulegea na chembe hupukutika, kwa hiyo kaseti ambayo mwaka huu inasikika yaweza isisikike mwakani.

Hapa lile tundu nililomkataza Mwalimu wa Tukuyu ndilo linalotakiwa. Waya wenye RCA mbili uchomekwe kwenye TAPE REC ya amplifaya, deki ikiwa imechomekwa kwenye TUNER au AUX wala si kwenye TAPE PLAY, au kwenye LINE OUT, yaani tundu la kutolea sauti la deki, kama deki inasimama peke yake, na pini ya milimita 3.5 iende kwenye kompyuta. Tatizo liko upande wa kompyuta mpakato: nyingi zina tundu moja tu la kuingizia sauti, nalo ni la kipaza sauti, ambalo hupokea upande mmoja badala ya miwili na huelemewa upesi na sauti ya deki. Nunueni kadi ndogo ya sauti ya USB, lakini muulize kwanza kama ina mlango wa LINE IN wa pande mbili, kwa kuwa zile ndogo kama fleshi kwa kawaida zina mlango wa kipaza sauti tu.

Programu ya kurekodia iko, inaitwa Audacity, hailipiwi. Ipangeni irekodi pande mbili kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, na mhifadhi kwa umbo la WAV, yaani sauti isiyobanwa. Kila dakika itachukua kama megabaiti kumi, maana yake kaseti ya dakika 60 itachukua megabaiti mia sita na kitu, na zote kumi na mbili zitaenea kwenye fleshi ya gigabaiti 16 hata kama zingekuwa za dakika 90. Msihifadhi kwa MP3 peke yake. Hiyo tengenezeni baadaye ya kugawia waumini kwa simu, lakini WAV ibaki kuwa shina. Wekeni nakala mbili mahali tofauti, moja ofisini kwa mchungaji na nyingine nyumbani kwa katibu.

Wakati wa kurekodi, angalieni mstari wa kupimia sauti kwenye kioo. Pale kwaya nzima inapopaza, mstari usiguse mwisho kabisa. Uacheni ukomee pungufu kidogo, kwa sababu sauti dhaifu inaweza kuongezwa baadaye, ila sauti iliyokatwa kichwa haiponi. Rekodini upande mzima wa kaseti bila kusimama, kisha ndipo mgawanye wimbo mmoja mmoja. Msikimbilie kufuta mvumo wa utepe kwa programu. Ukizidisha, unaondoka na pumzi za waimbaji.

Kabla ya yote, safisheni kichwa cha deki na ile roda ya mpira kwa pamba yenye spiriti, na mjaribu kwanza kwa kaseti isiyo na thamani ili kujua kama deki inameza utepe. Zile za waimbaji waliotangulia ziwe za mwisho, mkiwa mmeshazoea. Kaseti iliyokaa miaka bila kupigwa ipelekeni mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma mara moja kabla ya kurekodi, ili utepe uliogandamana uachane taratibu. Na mgongoni mwa kila kaseti, upande wa pili wa ule unaoonyesha utepe, kuna vishikizo viwili vidogo vya plastiki. Vivunjeni kwa ncha ya kisu kabla hamjaiweka mashineni, ili hata mtu akikosea akabonyeza kitufe cha kurekodi cha deki, kitufe hicho kikatae kushuka.